Kugeuza taa kuukuu za ndani ziwe mapambo ya bustani ya sola: paneli, betri na maji ya mvua

Mwanga_Nje

Habari wakuu. Nina taa kuukuu za ndani ambazo maumbo yake ni mazuri mno kutupwa: mbili za mezani (moja ina kitako cha shaba ya njano, nyingine mwili wake ni wa mbao), thuria ndogo ya mikono mitano yenye vikombe vya kioo cheupe, na fanusi ya mafuta ya taa ambayo chemni yake bado nzima. Nataka zipambe bustani na ziwake usiku kwa sola tu, bila waya wowote kutoka ndani ya nyumba. Ninazo pia taa ndogo za bustani, zile za kuchomeka ardhini zenye paneli juu na betri moja ndani, ambazo naweza kuzing'oa vichwa.

Naomba kujua: kichwa kimoja cha taa ya bustani kinatosha kuwasha taa ya mezani usiku kucha? Kwenye thuria niweke vichwa vitano, kimoja kila mkono, au paneli moja kubwa? Mvua je, nizibe kila tundu kwa silikoni? Na ni sehemu zipi za taa za ndani ambazo hazifai kabisa kwenda nje?

Fundi_Koili

Mkuu, fanya hesabu ya umeme kwanza, rangi na gundi baadaye. Taa kuukuu ni gamba. Kitakachoamua kama itafika alfajiri ni paneli inaingiza kiasi gani mchana na LED inakula kiasi gani usiku.

Chukua kichwa cha kawaida: paneli ya volti 2 inayotoa miliampea 40 kwenye jua kali, betri moja ya NiMH (nikeli-hidridi, ya kuchajiwa) ya volti 1.2 na LED moja nyeupe. Siku yenye saa 5 za jua kamili inaingiza 40 × 5, yaani miliampea-saa 200. NiMH hairudishi zote ulizoiingizia. Toa theluthi, zinabaki kama 135. Sasa upande wa matumizi: LED ikipewa miliampea 10 kwa volti 3 inakula miliwati 30. Betri ina volti 1.2 tu, kwa hiyo kuna sakiti ndogo ya kupandisha volti, nayo inameza kama sehemu moja ya tano. Betri inalazimika kutoa karibu miliwati 37, ambazo kwa volti 1.2 ni miliampea 31. Gawa 135 kwa 31, unapata saa 4 na dakika 20 hivi. Ndiyo maana taa nyingi za aina hii huzimika kabla ya usiku wa manane hata zikiwa mpya, na watu hulaumu betri bure.

Una njia mbili za kuvuta muda. Ya kwanza ni kupunguza mkondo wa LED. Fungua kichwa uangalie sakiti: mara nyingi utakuta chipu ya miguu minne, QX5252F au ndugu yake YX8018, na koili moja inayofanana na rezista (kile kijiti chenye mistari ya rangi kinachozuia mkondo) iliyo nene. Koili hiyo ndiyo inayopanga mkondo. Thamani yake ikipanda, mkondo unashuka kwa uwiano uleule. Ya mikrohenri 100 (mistari kahawia, nyeusi, kahawia) hupeleka kama miliampea 10 kwenye LED; weka ya 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia) na mkondo unashuka hadi chini kidogo ya nusu. Muda unakuwa mara mbili au zaidi, na kwa macho mwanga haupungui kwa nusu, maana jicho lililozoea giza halioni tofauti hiyo kwa ukubwa wake. Kwa pambo ni biashara nzuri sana.

Njia ya pili ni paneli kubwa zaidi ya volti 2, kwa mfano ya miliampea 80. Hapo uangalie betri. Sakiti hizi hazina kinga ya betri kujaa kupita kiasi. Betri ya NiMH huvumilia kuendelea kuchajiwa ikiwa imejaa pale mkondo usipozidi kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Kwa hiyo paneli ya miliampea 40 iende na betri ya miliampea-saa 400 au zaidi, ya 80 iende na 800 au zaidi. Ukiweka paneli ya 100 kwenye betri ya 300, itapata joto kila mchana wa jua na kufa upesi. Kinyume chake, kuweka betri ya 2500 kwenye paneli ya 40 hakuongezi hata dakika moja kwa usiku; paneli haiwezi kuijaza.

Kabla ya kung'oa chochote, pima kila paneli. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC, paneli ielekee jua: ikiwa wazi itoe volti 2 hadi 2.5. Halafu hamishia kwenye miliampea, gusisha nyaya mbili za mita kwenye ncha mbili za paneli. Shoti hiyo haiiharibu paneli ndogo. Ikitoa chini ya nusu ya kilichoandikwa, chunguza uso wake. Kama umekuwa wa manjano au wa ukungu, ni gundi ya juu imechomwa na jua. Msasa laini sana wa maji, 1000 kisha 2000, halafu vanishi isiyo na rangi inayohimili jua, hurudisha sehemu ya nguvu. Paneli yenye ufa au seli iliyobadilika rangi achana nayo.

Na usiweke kamwe betri za kawaida zisizochajiwa. Zitavuja ndani ya shaba yako.

Bi_Kandili

Nitajibu upande wa mwili wa taa, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika baada ya mvua chache.

La kwanza kabisa: toa waya wa umeme wote, plagi, swichi na holda ya balbu. Usiikate plagi ukaacha kipande cha waya ndani "kwa baadaye". Taa ikiwa na waya unaoning'inia, ipo siku mtu ataiunganisha na umeme wa nyumba huku imejaa maji. Iwe wazi kwa kila anayeitazama kwamba haina pa kuchomekwa.

Taa za mezani karibu zote zimejengwa namna moja: bomba jembamba lenye uzi, kipenyo cha milimita 10 hivi, limepita katikati kutoka kitako hadi kwenye holda, na nati mbili zimebana kila kitu. Chini ya kitako kuna felti au karatasi ngumu. Ibandue, chini yake utakuta nati, na mara nyingi uzito: kipande cha chuma, mchanga au plasta. Felti na karatasi haviendi nje, hunywa maji na kuyashikilia. Plasta pia inakunywa, inalainika, kisha inasukuma gamba jembamba la chuma hadi lipasuke. Ichonge itoke yote, jaza saruji na mchanga kwa kipimo cha 1 kwa 3, lakini pitisha kwanza kipande cha bomba la plastiki katikati ili njia ya maji na waya isizibwe.

Shaba ya njano halisi inakaa nje miaka mingi. Itabadilika rangi tu. Hakikisha kwa sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa na kitakula kutu. Ikiwa haishiki, kwaruza mahali pa chini pasipoonekana: ndani kukiwa kijivu, ni zinki iliyopakwa, na hiyo hutokwa na vipele vyeupe. Hizo mbili za mwisho zipakwe prima ya chuma na rangi ya kupuliza, tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene. Shaba halisi isugue kwa spiriti na uipake vanishi ya wazi kama unataka ibaki kung'aa, au uiache.

Ya mbao sipendekezi ikae wazi kwenye mvua. Miili ya mbao ya taa imegundishwa vipande vipande kwa gundi ya ndani, na maungio hufunguka. Iweke barazani chini ya paa na uipelekee waya kutoka kwenye paneli iliyo juani.

Kofia ya kitambaa au karatasi toa. Bakiza fremu yake ya waya, isugue kutu, ipake rangi, kisha izungushie kitu kisichonywa maji: shanga za kioo, waya wa shaba, vipande vya plastiki nyeupe. Fremu tupu yenyewe inapendeza, lakini LED inayoonekana wazi huchoma macho, kwa hiyo ndani yake weka kopo dogo la plastiki nyeupe au kioo kilichokwaruzwa.

Kuhusu sumu. Rangi ya taa za zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa ya vumbi, futa kwa kitambaa cha kutupa. Waya wenye ngozi ya nyuzi za kijivu zinazonyonyoka unaweza kuwa na asbesto. Uloweshe, uukunje mzima, usiukwangue. Balbu za kuokoa umeme na mirija ya florisenti zina zebaki, kwa hiyo usizivunje ili upate kioo chake. Na kama kuna mwenye karabai badala ya fanusi: kile kifuko cheupe kinachong'aa, katika karabai za zamani, kilitiwa thoriamu ambayo ina mionzi kidogo. Kitoe bila kukisaga, usivute vumbi lake.

Fanusi yako imwage mafuta, ioshe tangi kwa maji moto na sabuni, rudia hadi harufu iishe, kisha iache wazi juani hadi ikauke kabisa. Usiisogelee kwa drili wala pasi ya lehemu kabla ya hapo. Mvuke wa mafuta ndani ya tangi lililo tupu ndio unaoshika moto.

Silikoni: hapana, usizibe kila tundu. Hewa iliyofungiwa hupanuka mchana na kusinyaa usiku, na kila ikisinyaa huvuta unyevu kupitia upenyo mdogo usiouona. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Kanuni yangu ni juu pazibwe, chini pawe wazi. Toboa matundu mawili au matatu ya milimita 4 sehemu ya chini kabisa, yafunike kwa wavu mwembamba ili sisimizi na nyigu wasihamie. Kinachozibwa kabisa ni kisanduku cha betri na sakiti peke yake.

Ukinunua silikoni, nusa. Inayonuka siki hutoa asidi wakati wa kukauka na inakula shaba ya waya na miguu ya sakiti. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi.

Saketi_Nje

Nakubaliana na Fundi_Koili kwa taa ya mezani, lakini kwa thuria nasema wazi: vichwa vitano ni kazi ya bure. Utakuwa na betri tano zinazozeeka kwa kasi tofauti, na mikono itazimika mmoja mmoja. Pia vichwa vikikaa chini ya mti au baraza mnakotundikwa thuria, havitaona jua. Kivuli cha tawi moja juu ya seli moja kinaangusha paneli nzima, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfuatano.

Tumia betri moja ya LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti) ya volti 3.2, ukubwa wa 18650, miliampea-saa 1500. Volti yake inakaribiana na ya LED nyeupe, kwa hiyo huhitaji sakiti ya kupandisha. LED tano, kila mkono moja, zote sambamba, kila moja na rezista yake ya omu 22. Usiziunge zote kwenye rezista moja. LED hazifanani, na ile yenye volti ndogo zaidi itachukua mkondo mwingi kuliko wenzake. Kwa mpango huu kila LED inapata kama miliampea 10, jumla 50. Usiku wa saa 12 ni miliampea-saa 600, na betri inabaki na akiba ya usiku wa pili ikiwa mawingu yatakaza. Kuna faida nyingine: volti ya betri ikishuka kuelekea 2.7, LED nyeupe karibu zinaacha kuvuta umeme zenyewe, kwa hiyo betri haikaushwi hadi kuharibika.

Paneli: ya volti 6, wati 2. Kwenye karatasi inatoa zaidi ya miliampea 300, lakini vumbi, joto na pembe ya jua vinapunguza. Hesabu 200 na kitu. Saa 4 nzuri zinatosha kurudisha ulichotumia.

Kichaji kiwe kilichoandikwa LiFePO4, kinachokata kwenye volti 3.6. Hapa wengi huharibu. Bodi ndogo ya TP4056 iliyo kila mahali ni ya betri za lithiamu za volti 3.7 na inakwenda hadi 4.2, kwenye LiFePO4 ni kuiua. Ukiwa tayari una betri ya 3.7 na unataka TP4056, kumbuka bodi huja ikiwa imepangwa kuchaji kwa ampea 1, na paneli ndogo haiwezi, volti yake itaporomoka. Badilisha ile rezista ya 1.2k (k ni omu elfu moja) inayopanga mkondo: 10k inaleta miliampea 130, 5k inaleta 250, 4k inaleta 300. Lakini kwa taa inayoshinda juani mimi sichagui betri ya 3.7. Haitakiwi kuchajiwa juu ya nyuzi 45, na ndani ya kikombe cha chuma kinachopigwa jua joto hilo linapitwa upesi. LiFePO4 ni tulivu zaidi, na hata hiyo iwekwe kivulini. Wala lithiamu ya aina yoyote isichajiwe chini ya nyuzi 0, kwa walio kwenye baridi.

Kuwaka yenyewe giza likiingia: mosfeti (swichi ya elektroniki) moja aina ya P inayofunguka kwa volti ndogo, kama AO3401. Chanya ya betri iende kwenye mguu wa sosi, mguu wa dreni uende kwenye chanya ya LED zote. Mguu wa geti uunge kwenye chanya ya paneli, na kutoka geti hadi hasi weka rezista ya 100k. Kati ya paneli na kichaji weka diodi ya Schottky (hupitisha umeme upande mmoja tu), na geti iunge upande wa paneli wa diodi hiyo. Bila diodi, volti inaweza kurudi kutoka kwenye kichaji na kuifunga mosfeti hata usiku. Mchana paneli ina volti nyingi kuliko betri, mosfeti imefunga. Giza likiingia, rezista inavuta geti chini, LED zinawaka.

Betri na sakiti vitaingia kwenye kile kikombe cha juu kinachofunika tundu la dari, ila kigeuze mdomo utazame chini, maana darini ulitazama juu na mvua ingekijaza. Nyaya za zamani ndani ya mikono usizitoe kwanza: fungia waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani, uvute, mpya utafuata. Kisha pima kwa mita kati ya mwili wa thuria na kila waya. Kusiwe na njia yoyote. Mikono ya chuma ina makali ndani yanayochuna ngozi ya waya.

Mwanga_Nje

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Kwenye thuria, vikombe vya kioo vimetazama juu, vitajaa maji. Naweza kuvitoboa? Na waya kutoka kwenye paneli hadi kwenye thuria ni kama mita 8, volti haitapotea?

Saketi_Nje

Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 kwa mita 8 kwenda na 8 kurudi una ukinzani wa kama omu 0.55. Kwa miliampea 300 unapoteza volti 0.17. Kwa paneli ya volti 6 hiyo si kitu. Angalia zaidi ngozi ya waya ihimili jua, na kabla waya haujaingia kwenye kikombe uache uning'inie upinde kwenda chini, maji yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi kwenye betri.

Kioo_na_Chuma

Kioo cha kawaida kinatobolewa, ila lazima ujue si kioo kilichokomazwa kwa moto, maana hicho husambaratika vipande vidogo mara biti inapokigusa. Vikombe vingi vya taa vya zamani ni kioo cha kupuliziwa au kukandamizwa na hutobolewa vizuri. Ukiwa na shaka, fanya lililo rahisi: vigeuze vitazame chini. Kwenye thuria nyingi mkono unaweza kuzungushwa kwenye kitovu baada ya kulegeza nati, na mwanga ukishuka chini bustani inaonekana vizuri zaidi.

Ukitoboa, tumia biti ya almasi ya milimita 6 yenye tundu katikati. Laza kikombe juu ya kipande cha mbao ndani ya beseni, maji yafunike mahali pa kutoboa. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili. Tumia drili ya betri, si ya umeme wa ukutani, kwa kuwa uko kwenye maji. Anza kwa kuinamisha biti hadi ichore mwezi mwandamo, kisha isimamishe wima taratibu. Kasi ndogo, mkono mwepesi, na uinue biti kila baada ya sekunde chache maji yaingie. Vikombe hupasuka mwishoni, biti inapokaribia kutokea upande wa pili. Hapo punguza mkono hadi iwe uzito wa drili peke yake. Miwani ya macho ni lazima.

Kubandika kioo kwenye chuma au kichwa cha plastiki: silikoni, si epoksi. Kioo na chuma havipanuki sawa, na epoksi ngumu hung'oa ganda la kioo jua likipanda. Gundi ya moto ya bunduki ndiyo mbaya kuliko zote. Inalainika juani na paneli inateleza. Safisha kwa spiriti, kwaruza upande wa chuma, tandika silikoni ya unene wa milimita 2 na uiache saa 24 bila kuigusa.

Kuhusu upepo: taa ya mezani ikishatolewa uzito wake ni nyepesi na ndefu. Kama paneli iko juu ya taa na hakuna waya unaoshuka, pitisha nondo ya milimita 6 ndani ya lile bomba la katikati, sentimita 35 ziwe zimeingia ardhini. Tundu la bomba ni milimita 7 au 8, inaingia bila kulazimisha. Kwenye sakafu ya mawe funga kitako kwa skrubu za stenlesi au za shaba. Za alumini zikikutana na shaba kwenye unyevu zinaliwa haraka.

Kwa pembe ya paneli: karibu na ikweta ilaze karibu bapa, lakini iache nyuzi 10 hadi 15 za mwinamo ili mvua ioshe vumbi. Mbali na ikweta iinamishe kwa kadiri ya latitudo yako, itazame kusini ukiwa kaskazini, kaskazini ukiwa kusini.

Mwanga_Nje

Ya shaba nimeikusanya: kichwa cha taa ya bustani juu, LED ndani ya kofia, koili ya 220. Jioni inawaka na kuzima haraka haraka kwa muda, halafu inatulia. Na asubuhi naona ukungu ndani ya kioo cha paneli. Tatizo liko wapi?

Fundi_Koili

Kuwaka na kuzima: taa inajiona yenyewe. Katika sakiti hizi paneli ndiyo jicho. Giza linaingia, LED inawaka, mwanga wake unarudi kwenye paneli kutoka kwenye kofia au jani lililo karibu, sakiti inadhani kumekucha na kuzima, kisha inaanza tena. Inatulia giza likishakuwa zito kwa sababu mwanga huo wa kurudi peke yake hautoshi. Ithibitishe: magharibi ifunike paneli kwa kitambaa kizito. Ikiacha kupepesa, weka bamba la chuma au plastiki nyeusi kati ya LED na paneli, lipite kingo za paneli kwa sentimita 1 au 2. Taa ya barabarani au ya ukutani ikiangukia paneli hufanya vivyo hivyo, na ikiwa kali taa yako haitawaka kabisa.

Wakati uko hapo, jaribu kusugua ncha ya LED kwa msasa wa 400 hadi iwe nyeupe. LED za milimita 5 hutupa mwanga kwa pembe nyembamba, na kofia inaonekana na doa moja kali. Ikisuguliwa inajaza kofia nzima. Kama uko tayari kubadilisha, zipo LED za umbo la uzi, za volti 3, zinazofanana na uzi wa balbu ya zamani. Kwa miliampea 5 hadi 10 hung'aa sawasawa bila doa. Chagua rangi ya joto, kelvini 2700 hadi 3000. Nyeupe yenye ubuluu inavuta wadudu wengi zaidi, nao wakifia ndani ya kofia mwanga unapungua.

Bi_Kandili

Ukungu ndani ya kioo cha paneli una maana kichwa kimeziba juu lakini chini hakipumui, au umekibandika siku yenye unyevu. Kifungue siku ya jua, kikauke saa kadhaa, toboa tundu la milimita 2 upande wa chini wa kichwa, sehemu ambayo mvua haipigi. Ukiwa umekifungua angalia spring'i ya betri. Ikiwa na unga mweupe au wa kijani, ni betri iliyovuja. Majimaji ya NiMH ni ya alikali, kwa hiyo pamba yenye siki kidogo inayaondoa. Kisha futa kwa maji, halafu spiriti, kausha, paka vaselini kiasi cha kupita kidole tu. Spring'i yenye kutu inaweza kumeza sehemu kubwa ya volti hiyo moja na nukta mbili uliyonayo.

Na ukiwa unabadilisha betri za taa zako nyingine za bustani, soma ubavu wake. Za zamani huwa NiCd, zina kadimiamu. Weka NiMH badala yake, inaingia palepale bila kubadilisha sakiti, na ile ya zamani ipelekwe panapokusanywa betri, isiingie kwenye taka za jikoni.

Kwa fanusi, usikate kofia yake ya juu ili paneli itoshe. Paneli ya duara ibandike juu ya kofia kwa silikoni, waya mwembamba ushuke kwenye moja ya mabomba ya pembeni, na LED ikae palipokuwa utambi, ichungulie ndani ya chemni. Mabomba hayo ya pembeni yana tundu la kutosha, toboa tu milimita 3 juu na chini uweke washa ya mpira kwenye kila tundu. Betri na sakiti vikae ndani ya tangi lililokauka, kwenye kifuko cha plastiki kilichofungwa, na mdomo wa tangi uufunge kwa mfuniko wake. Chini ya tangi andika kwa rangi isiyofutika kwamba ni ya sola, mtu asije akaimwagia mafuta.

Mwanga_Nje

Nimeweka bamba jeusi, kupepesa kumekwisha. Thuria naanza nayo betri ikifika. Je, betri mpya niiunge ikiwa hivyo hivyo ilivyo?

Saketi_Nje

Ipime kwanza. LiFePO4 ikisoma kati ya volti 3.2 na 3.3, iunge. Ikiwa chini ya 2.5 irudishe. Kwa zile za NiMH, volti 1.0 au chini maana yake ni tupu: ziache juani siku mbili kabla ya kuziwasha usiku wa kwanza. Na unapounga, hakikisha chanya na hasi mara mbili kabla ya kulehemu, maana chipu za QX5252F na bodi za kichaji hazina kinga ya kugeuziwa betri, zinaungua papo hapo. Nyaya za LED zile za shaba nyembamba zina vanishi juu yake, zikwangue kwa wembe hadi zing'ae, la sivyo lehemu haitashika na utadhani LED ni mbovu.